Barua ya Swala

Kila kaya ilipewa kazi ya mnyama aliyetoweka. Kaya ya Mwalimu Sekela ilipewa kazi ya tai. Kila alfajiri yeye na mumewe waliokota mizoga ya kata nzima kwa mkokoteni, kisha mwalimu akaoga mara mbili na kwenda kufundisha baiolojia. Harufu haikutoka. Wanafunzi wa kidato cha tatu hawakukalia tena madawati ya mbele, naye alishachoka hata kukasirika.

Siku hiyo, akifundisha uwiano wa ikolojia, alichora mishale ubaoni: kutoka majani kwenda kwa swala, kutoka swala kwenda kwa chui. Tumpe akanyoosha mkono.

"Mwalimu, jana tumeletewa barua. Kwetu sasa ni swala. Mama anauliza, swala anafanya kazi gani?"

Darasa likacheka. Gwamaka peke yake hakucheka. Baba yake na kaka zake walikuwa na kazi ya chui, na ngedere wa kuwinda walikuwa wamekwisha tangu mwezi uliopita.

Sekela aligeukia ubao.

"Anakula majani," alisema.

"Basi?"

"Basi, mwanangu."

"Afadhali! Mama aliogopa tutapewa kazi ngumu kama yako."

Tumpe akaketi na kuandika jibu daftarini. Sekela akachukua dasta, akafuta mshale wa kwenda kwa chui.

"Mwalimu," Gwamaka akauliza taratibu, bila kumwangalia mtu, "na huo uliofuta, tuunakili?"