Picha ya Kibali cha Nne

Bwana Kisanji, karani wa uraia, alipanga mezani vibali vitano vya ukaazi vya Mwavita, kila kimoja cha miaka miwili. Sharti lilikuwa miaka kumi mfululizo. Aliyevuka mpaka hata siku moja, hesabu yake huanza upya. Fomu ilikuwa imejazwa yote, isipokuwa pale palipouliza kama mwombaji aliwahi kutoka nchini.

Kidole cha karani kilisimama kwenye kibali cha nne. Pichani, kichwa cha Mwavita hakikuwa na unywele hata mmoja.

"Hapa ulinyoa, mama."

"Nilinyoa."

Kwao Mwavita, ng'ambo ya mpaka, mtoto hunyolewa kando ya kaburi la mzazi wake, siku ile ile ya maziko. Bwana Kisanji alilijua hilo, maana mkewe alitoka huko huko. Akatupia jicho mlangoni, akashusha sauti.

"Mwaka ule joto lilikuwa kali. Wengi walinyoa. Andika 'hapana', tumalize."

Mwavita akaishika kalamu. Aliikumbuka ile njia ya porini aliyopita peke yake, na wembe wa shangazi yake ulivyokuwa baridi utosini.

"Nikiandika hapana," aliuliza, "mama yangu atakuwa amezikwa na nani?"

Karani alivikusanya vibali taratibu, akakiacha kile cha nne mezani.

Mwavita akavua kitambaa chake cha kichwa, akakiweka mapajani, kisha akainamia fomu na kuanza kuandika tarehe ya maziko.