Bati Lililogeuzwa

Rosenda, mkaguzi wa bima, alipanda ngazi ndani ya ghala la mbata za nazi, tochi mkononi. Kimbunga kilikuwa kimeng'oa nusu ya paa.

"Mabati mapya hayo, dada!" mwenye ghala alipaza sauti kutoka chini, akiwa ameishika ngazi. "Nimenunua mwaka huu. Msiniletee longolongo!"

Rosenda akamulika yaliyobaki. Yalijaa matundu ya misumari ya zamani. Upande wa ndani, bati moja lilikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: TUKO HAI. LETENI MAJI.

Ndivyo watu wa kisiwa cha Samar walivyoandika juu ya mapaa baada ya kimbunga kile kikubwa cha miaka ya nyuma, ili helikopta zione. Lakini herufi hizi zililalia kushoto, kama mdogo wake alivyoandika tangu shuleni. Nyumbani waliambiwa bahari ilimchukua usiku uleule wa kimbunga hicho.

"Vipi huko juu? Si nilikwambia?"

Rosenda aliigusa rangi. Ilibanduka, ikabaki kidoleni.

"Mzee," alisema taratibu, "ulipokwenda kuling'oa bati hili, aliyekuwa chini yake alikuwa bado anaomba maji?"

Ngazi ikaanza kutikisika.