Aliyeimbiwa na Mahameli

Msusi aliinama kupita mlangoni, ingawa juu ya kichwa chake ungeweza kupitisha kabati la nguo.

"Mmeona?" alisema akijinyoosha. "Ndivyo nilivyoingia siku ile. Mahameli akaniona, akatunga."

"Umeinama au umejikwaa?" aliuliza mwalimu mstaafu, ambaye tayari alikuwa amejaza kochi zima peke yake. "Dada, mlango huo hata ungekuwa wa banda la kuku, ungepita umejitwisha ndoo."

Binti wa marehemu Mahameli alishika kichwa. Kilichomponza ni mdomo wake mwenyewe. Juzi redioni utamu wa kipaza sauti ulimlevya, akaahidi kwamba nyumba ya baba yake itakapofunguliwa kesho kuwa jumba la makumbusho, jiwe la ukutani litamtaja mtu aliyetungiwa "Inama Uingie". Basi asubuhi hii wenye wimbo wao wamefika, wamejimwagia manukato, kila mmoja na ushahidi wake.

Na nani asiyeujua wimbo huo? Umeozesha watu. Umepatanisha waliokwisha kugawana masufuria. Anayeimbiwa humo huingia nyumbani akiinama, mluzi wake hutangulia miguu yake, na akishika kikombe, kikombe hakionekani. Halafu ule ubeti wa mwisho: "Hata ukikoroma, koroma karibu nami." Mahameli, mfalme wa muziki wa soul, kila alipoufikia alijifunika uso kwa leso, na ukumbi mzima ukalia naye. Wachambuzi waliandika kurasa kwa kurasa juu ya machozi yale.

"Shika kikombe tuone," mwalimu aliamuru.

Msusi akashika. Kikombe kilionekana chote, mpaka na maua yake.

"Hicho ni kiganja au kijiko cha chai?"

"Haya, na wewe piga mluzi."

Mwalimu akakusanya midomo. Ikatoka hewa, na mate kidogo.

"Hiyo sasa ni pancha," msusi alisema.

Binti hakucheka. Tangu akiwa shule wenzake walimchokoza: baba yako anamwimbia nani, wewe, na mama yako hata kwenye swichi ya taa hafiki mpaka apande stuli? Miaka yote alilimeza hilo bila maji. Sasa alitaka jina moja tu lichongwe kwenye jiwe, jina la mama yake, walimwengu wafunge midomo yao. Fundi alikuwa uani na tindo lake. Ameshachonga MAHAMELI, MTUNZI NA MWIMBAJI, ameshachonga jina la wimbo, na chini yake ameacha nafasi.

"Jina, dada!" fundi aliita. "Jua linapanda!"

Binti akaelekea jikoni. Alipita kwenye suti ya jukwaani ya baba yake, iliyotundikwa karibu kabisa na dari na bado suruali ikifagia sakafu.

Mama alikuwa anamenya viazi, palepale alipomenya siku zote Mahameli akifanya mazoezi kando yake. Binti aliyakumbuka mazoezi yale. "Rudia hapo," mama angesema bila kuinua macho, na mfalme wa majukwaa angerudia kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kutoka ukumbini msusi alianza kuimba, labda kuongezea ushahidi. "Koroma kando yanguuu..."

"Karibu nami!" mama alipaza sauti. "Kando yangu ndiyo nini? Mko kwenye foleni?"

"Mama! Wanakuibia mume hapohapo ukumbini, na wewe umekalia viazi?"

"Mume yuko makaburini, watamwibaje? Wapelekee chai, wamekaukwa na makoo."

"Huoni wivu hata kidogo?"

"Wa nini? Yule msusi baba yako alimkimbia maisha yake yote. Alikuwa anaogopa mkasi."

Binti akavuta kigoda, akaketi. Utani ulikuwa umemwishia.

"Mama, nisikilize. Kama ulikuwa wewe, kohoa tu, fundi achonge. Sijali urefu, sijali mluzi. Na kama alikuwa mtu mwingine, niambie pia. Nimeshakuwa mtu mzima, nitameza."

Mama akaweka kisu chini. Tabasamu alilokuwa nalo tangu asubuhi likamtoka.

"Si mimi, mwanangu."

Ukumbini wale wawili walikuwa wanacheka sasa, utadhani wamekwisha kugawana ushindi.

"Unamjua?" aliuliza polepole.

"Ningeachaje kumjua?"

"Alikuwa anafika hapa?"

"Kila siku iendayo kwa Mungu."

"Humu ndani? Baba akiwepo?"

"Baba yako asipokuwepo angefikaje?"

"Na wewe unamwona?"

"Namwona, nampakulia, anakula. Anaomba nyongeza, namwongezea."

"Mama! Ukavumilia?"

"Nilivumilia yote. Kukoroma tu ndiko kulikotaka kunishinda."

"Jina, dada!" fundi aliita tena.

Binti alisimama, machozi yakimlengalenga, mkono mmoja ukutani kama mtu aliye kwenye mashua. "Haya. Nitajie huyo mtu wenu nikampe fundi, yaishe."

"Baba yako," mama alisema, akichukua kiazi kingine. "Au ulitaka nikae hapa nijitungie wimbo mimi mwenyewe?"