Mwanamke wa Chumba cha Sauti

Mwanamke wa ndani ya kompyuta alicheka tena, na Chiriku akajidunga sindano kidoleni.

Alinyonya damu, akaiacha cherehani yake na gauni la mteja, akanyata hadi mlango wa chumba ambamo mumewe hurekodi matangazo ya maduka. Akachungulia kwenye tundu la ufunguo. Mumewe alikuwa amelaza shavu juu ya spika, amefumba macho, anatabasamu peke yake.

Ilikuwa sauti nzito, yenye mikwaruzo, sauti ya mwanamke aliyezoea kubembelezwa. Chiriku mwenyewe alibandikwa jina hilo tangu utotoni kwa sauti yake nyembamba na mdomo usiotulia. Hapo mlangoni wivu ulimpanda.

"Tena," mume alisema, akabonyeza.

"Mlango wa jikoni unalia," yule mwanamke akasema taratibu. "Utie mafuta basi."

Chiriku alikishika kitasa, asikizungushe. Kumbe ameshaingia mpaka jikoni kwangu! Ameusikia mpaka mlango!

Mwaka huo wote yeye alikuwa akiongea na ukuta. Akimwita mumewe kutoka jikoni, kimya. Akimletea umbea wa wateja, mume anamkodolea mdomo kama anayemhesabu meno, halafu anasema "sawa", hata pasipo na sawa. Taa ikizimwa ndiyo kabisa, analala kama gogo. Lakini huyo wa kwenye kompyuta, akitamka neno moja tu, anaombwa alirudie.

Na sasa kulikuwa na hili la mfumo. Shemeji yake, mdogo wake mume, alikuwa fundi wa kompyuta, na kila akija wimbo wake ulikuwa mmoja: kompyuta ile inatumia mfumo uliozeeka, waliouunda wameshaacha kuushughulikia, kazi wanazotuma wateja hazifunguki, na wateja wenyewe wanahama mmoja mmoja.

"Kaka, niruhusu nikuwekee mfumo mpya. Nusu siku tu, unaendelea na kazi."

"Siweki."

"Kwa nini?"

"Programu yangu ya sauti haikubali kwenye mfumo mpya."

"Zipo nyingine, nzuri mara kumi!"

"Siweki. Piga ua, siweki."

Zaidi ya hapo hakueleza. Chiriku, aliyekuwa akipiga pindo pembeni, hakuhitaji kuambiwa. Mwanaume huyu yuko tayari kukosa wateja wote ili asimkose mtu mmoja! Na yeye, mke wa ndoa, anaomba balbu ya chooni ibadilishwe mpaka anachoka.

Siku moja mume alivaa shati lililopigwa pasi, akasema ana shughuli mjini. Shughuli hiyo ilimtoa kila mwezi, na kila mwezi alirudi mnyonge, akijisugua sikio, hasemi alikokuwa. Chiriku alimsindikiza kwa macho mpaka akakata kona, kisha akampigia simu shemeji yake.

"Kaka amekubali lini?" shemeji aliuliza alipofika, akivuta kiti.

"Ameniachia mimi niamue." Uongo ulimtoka laini mpaka ukamshangaza mwenyewe.

Shemeji akapekua humo ndani. "Kuna sauti nyingi amezihifadhi. Nizihamishe?" Akabonyeza mojawapo, na kile kicheko kizito kikajaa chumbani. Shemeji akainamisha kichwa. "Mbona kicheko hiki kama nimewahi kukisikia mahali?"

Damu ikamchemka Chiriku. Kumbe ukoo mzima unamjua!

"Futa."

"Subiri kwanza, shemeji. Programu hii haipatikani tena popote. Na kaka ameichezea sana, kila kitu amekipanga kwa mkono wake. Nikisafisha, hata mimi siwezi kuirudisha."

"Nimesema futa. Zote, na programu yake."

Alisimama nyuma ya kiti akiutazama mstari wa buluu ukijaa kwenye kioo, polepole, hadi mwisho. Raha aliyoisikia hakuisikia hata siku ya harusi yake.

Mume alirudi alasiri. Alikuta kioo kinang'aa, picha mpya, kila kitu mahali pageni. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale.

"Vitu vyangu viko wapi?"

Chiriku alikuwa ameyaandaa maneno tangu asubuhi. Alisimama mbele yake, mikono kiunoni. "Nimemfuta huyo mwanamke wako. Ukimtaka, mfuate kwake."

Mume alimtazama mdomo mpaka ukafunga. "Mwanamke gani?"

"Wa mlango wa jikoni!"

Mume akaketi. Hakugomba. Aliiweka mikono juu ya meza kama mtu aliyemaliza kazi.

"Huyo ni wewe," alisema. "Nilikuwa nakurekodi ukipitapita humu ndani. Mwaka mzima nimeishusha sauti yako, kidogo kidogo, mpaka ikanifikia."

Chiriku alitaka kubisha. Sauti yake aliijua, nyembamba, haina mikwaruzo. Kisha akaukumbuka ule mlango, na jinsi alivyoulalamikia siku moja akiwa na sufuria mkononi, na mume akajibu "sawa".

Akamwangukia shingoni. Alibandika midomo kwenye sikio lake, akamwomba radhi, akamwambia anampenda, akayarudia yote kwa sauti kubwa zaidi, tena na tena, mpaka mteja aliyefuata gauni lake akaja kuchungulia dirishani kuona nani anapigwa.

Mume alimpapasa mgongo, akasubiri.

"Mbona umenyamaza?" akamuuliza.