Neno la Ishirini

Neno moja lilikuwa halionekani, na kwa sababu yake watu saba walikuwa hawajasafiri.

Mabegi yalipangwa mlangoni tangu shule zilipofungwa. Mezani, mahali pa sahani, ilitandazwa karatasi yenye mraba uliojaa herufi. Ndani yake yalifichwa maneno ishirini ya likizo, mengine yamelala, mengine yamesimama, mengine yamekaa mshazari. Kidoti wa darasa la tatu alikuwa ameshazungushia kalamu maneno kumi na tisa. SAFARI. ZAWADI. KUOGELEA. Alizungushia MCHEZO huku mpira wa wenzake ukigonga ukuta wa nje.

Kwenye orodha iliyo chini ya mraba, lililobaki lilikuwa WAGENI.

"Tafuta," alisema baba yake.

"Nimetafuta, baba."

"Tafuta kwa macho, siyo kwa mdomo."

Baba alikuwa fundi breki. Gari likitoka mikononi mwake husimama pale unapotaka. Yeye mwenyewe hakuwa na breki. Karatasi ilitoka kwa dada yake, mwalimu katika mji wenye ziwa, anayefundisha watoto maneno kwa michezo ya namna hiyo. Ilikuja na ujumbe: Kidoti amalize kwanza, ndipo mje. Fundi akaapa palepale, mbele ya mkewe, watoto wake wanne na shemeji yake, kwamba hakuna mguu utakaovuka kizingiti mpaka neno la mwisho lipatikane.

Akishaapa, basi. Aliwahi kuapa kwamba hatanyoa ndevu mpaka timu yake itwae kombe, na kwenye picha za harusi ya dada yake huyohuyo anaonekana kama ufagio uliovaa suti.

Kila likizo walikwenda kwa mwalimu, wote saba. Fundi alipenda kuwasimulia mafundi wenzake. "Dada yangu ana upendo yule! Anatuachia kitanda chake, yeye analala sebuleni kwenye kiti. Mwaka jana tulikaa mpaka mkesha wa kufungua shule. Siku tunaondoka alisimama barabarani analia."

"Na kile kiti ulichokivunja?" mkewe alimkumbusha.

"Kilikuwa kibovu. Na wala hakusema kitu."

Kidoti hakuwa na habari na viti. Mwaka jana alijifunza kuelea ziwani akiwa ameshikwa kiuno na shangazi yake. Mwaka huu alitaka kuogelea mwenyewe, na alikuwa ameshalitangazia darasa zima.

"Baba, twende tu. Nitalitafuta njiani."

"Nimeapa."

"Labda halipo," alisema shemeji, ambaye hamu yake kubwa ilikuwa chakula cha mwalimu.

Fundi alimtazama kama amekojoa kisimani. "Dada yangu akosee? Yule hajakosea tangu azaliwe. Aliyeishia njiani shuleni ni mimi, siyo yeye."

Hata hivyo alipiga simu, sauti akaiachia wote wasikie.

"Dada, huku wanasema neno halipo!"

"Mh! Kaka yangu," sauti ilikuja laini, "wanafunzi wangu waliyamaliza yote kabla kengele haijalia. Hata yule anayeshika mkia. Lakini kama kwenu ni gumu, acheni tu, mje hivyohivyo. Nitaelewa."

"Gumu? Kwetu?"

Akakata simu. Mishipa ya shingo ilimsimama. "Mmesikia? Hata anayeshika mkia! Leteni ile taa yangu."

Taa ya kuangalia chini ya magari ikaning'inizwa juu ya meza. Shemeji alisoma mraba kutoka juu, mama kutoka chini, wadogo wa Kidoti, mapacha, wakiwa wameinamisha vichwa kama kuku wanaosikiliza. Walisoma kinyumenyume. Waliigeuza karatasi wakaimulika kwa nyuma. Fundi alipitisha kidole kilichojaa grisi mstari kwa mstari mpaka herufi zikaanza kufutika, na Kidoti akalazimika kuzikoleza upya.

"Baba, nikiliandika tu hapo pembeni?"

"Huo ni wizi. Unataka shangazi yako aone kwamba nimelea mwizi?"

Kwanza taulo lilitolewa kwenye begi kwa sababu watu walihitaji kuoga. Zikafuata ndala, kisha nguo. Mwisho mama alilichukua begi lenyewe akaenda nalo sokoni. Likabaki vazi la kuogelea la Kidoti, limening'inia kwenye kitasa cha mlango, likavu kabisa.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, fundi aliikunja karatasi akasimama.

"Hatukupoteza muda," alisema. "Tumejifunza."

"Nini?" mkewe aliuliza.

"Uvumilivu."

Kidoti alilitoa vazi lake kwenye kitasa, akalirudisha chini kabisa ya sanduku. Hakulia. Aliuliza tu kama mwaka ujao litakuwa bado linamtosha.

Asubuhi hiyohiyo, katika mji wenye ziwa, mwalimu alikuwa ameamka kitandani kwake. Aliketi barazani kwenye kiti kipya, kikombe mkononi, miguu juu ya stuli.

Jirani alichungulia juu ya ua. "Mwalimu! Mwaka huu kaka yako na jeshi lake hatukuwaona. Kulikoni?"

"Wako masomoni," alisema mwalimu, akanywa taratibu.

Mapajani alikuwa na mraba wa darasa lake, WAGENI likiwa limekaa waziwazi mstari wa kwanza. Ule wa kaka yake aliuchapa kando, neno hilo akaliacha. Likizo nzima ilimgharimu herufi sita.