Kipumulio cha Manjano

Ronny alipitisha kiganja shingoni mara mbili. Mita kumi na moja chini ya maji ya Mbaraki, chini ya tumbo la meli ya saruji, ishara hiyo ina maana moja tu: sina hewa.

Ngowa hakusita. Alichukua kipumulio cha manjano kilichoning'inia kifuani mwake, kile cha akiba, akamtia mwenzake mkononi. Ronny akakibana kwa meno, akavuta kwa nguvu zake zote.

Macho yakamtoka pima. Alikuwa amevuta maji.

Ngowa akachomoa chake cheusi kinywani, akampa. Wakapanda hivyo, wakipokezana pumzi moja moja kama watu wanaogawana tonge la mwisho. Walipofika juu Ronny alikuwa amelegea, na povu jekundujekundu lilimtoka puani.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, msimamizi wao Joab alikifungua kile cha manjano pale pale gatini, wafanyakazi wamemzunguka. Akatoa kiwambo, ule mpira mwembamba wa ndani unaozuia maji yasiingie. Ulikuwa umechanika, ufa wa urefu wa ukucha.

"Chako kizima, cha mwenzako kibovu," Joab alisema. "Hiki umekiokota wapi, Ngowa?"

"Vyote vipya, bosi. Nimevinunua siku moja. Na asubuhi nilikijaribu, kikatoa hewa."

"Ulikivuta majini, au ulibonyeza kitufe tu?"

Ngowa alikuwa amebonyeza kitufe tu. Kitufe hutoa hewa hata mpira ukiwa umechanika; kila mzamiaji anajua hivyo.

Aliikumbuka siku ile dukani. Muuzaji alimshauri achukue kimoja kizuri cha kupumulia kila siku, na cha akiba achukue cha bei rahisi, kwa vile hutumika kwa nadra. Ngowa akakataa kata kata. "Siku kitakapotumika ni siku mtu anakufa," alimjibu. "Na mtu mwenyewe ni ndugu yangu." Alirudi dukani siku mbili mfululizo, akajaribu kila kilichokuwapo mpaka midomo ikamuuma. Mwisho akachukua viwili vya aina moja, tofauti ni rangi tu.

Jioni ile, nyumbani kwake Kuze, alivitandaza mkekani na kuvifungua mbele ya mkewe, Mbodze, kwa fahari ya mtu anayeonyesha mtoto mchanga. "Kimoja changu, kimoja cha Ronny akipungukiwa," alimwambia. "Na huu mpira ndio roho ya kitu. Ukitoboka, mtu anakunywa maji." Mbodze akavigeuzageuza, akauliza kama kuvifungua kunataka fundi. "Wapi! Mkono tu," Ngowa alicheka. Alifurahi. Miaka sita ya ndoa, na ile ilikuwa mara ya kwanza mkewe kuuliza habari za kazi yake.

Siku ya tatu baada ya ajali, Ngowa alikwenda hospitali. Joab alikuwa ametangulia, amesimama kando ya kitanda na karatasi ya kuandikia maelezo. Ngowa akaushika mkono wa Ronny, mtu aliyezama naye miaka tisa, aliyesimama ubavuni pake siku ya harusi. Ronny akauvuta mkono wake.

"Alijinunulia kizima," Ronny alimwambia Joab, sauti ikikwaruza. "Mimi akaniwekea kifo."

"Ronny. Ndugu yangu. Niangalie basi."

Ronny aliuangalia ukuta.

Maneno yale yalimchoma Ngowa kuliko barua ya kufukuzwa kazi aliyopewa alasiri hiyo. Gatini watu waliacha kuitikia salamu zake. Alimshuku muuzaji. Alimshuku mtunza ghala. Alifika hata kumshuku Ronny mwenyewe, kwamba aliuchana ule mpira ili amharibie. Kisha akajionea haya, maana hakuna mtu anayejizamisha ili mwenzake afukuzwe.

Aliyebaki upande wake ni Mbodze peke yake. Hakumuuliza neno, hakumlaumu. Kila asubuhi alikoroga uji wa mtama, akautia kwenye chupa na kuupeleka hospitali, akarudi macho yamemvimba. Majirani walipomwuliza Ngowa mkewe anamwendea nini mtu anayemchafulia jina mumewe, alijibu kwamba ndiyo malezi aliyolelewa. Moyoni alimshukuru Mungu kwa mke anayemsaidia kuibeba aibu yake.

Siku ya tano, adhuhuri, Joab alipiga simu. Mapafu yalikuwa yamejaa maji tena, na mara hii madaktari hawakufua dafu. Ronny amefariki.

Mbodze alikuwa akipepeta mchele. Ungo ulimponyoka, mchele ukatapakaa sakafuni, naye akaanguka juu yake akilia kilio ambacho Ngowa hakukisikia hata siku Mbodze alipomzika mama yake mzazi. Alimwita Ronny kwa jina, tena na tena, mpaka sauti ikamkauka.

Ngowa alipiga magoti kando yake. Machozi yalikuwa yakimtiririka yeye pia.

"Dunia na iseme inavyotaka, Mbodze. Wewe tu nijibu. Hata wewe waamini kwamba mimi ndiye niliyemuua?"

Mbodze alitikisa kichwa, uso bado sakafuni.

"Si wewe," alisema. "Siku ile ulipovitandaza mkekani, nilidhani cha manjano ndicho chako."