Mazoezi Mbele ya Nyumba ya Zubeda

Tunu, aliyewaongoza wanawake wa mtaa katika mazoezi kila asubuhi, alikwenda kumuulizia Zubeda, ambaye hakuwa na kawaida ya kukosa. Hemedi, mume wake Zubeda, alifungua mlango nusu.

"Amesafiri. Yuko kwa dada yake."

"Mbona hakutuaga, shemeji?"

"Aliondoka kwa haraka."

Tunu alitazama chini. Raba za Zubeda zilikuwa kizingitini, zimeoshwa, bado zinachuruzika maji. Hemedi alizisukuma ndani kwa mguu, akafunga mlango.

Tunu alirudi uwanjani, akawaambia wenzake, "Leo twendeni tukafanyie mazoezi kwa Zubeda."

Wakajipanga barabarani mbele ya nyumba. Hemedi akatoka amekunja uso.

"Nimeshasema hayupo! Mnataka nini hapa?"

"Mazoezi tu, shemeji," Tunu akajibu, macho yake yakiwa kwenye dirisha la chumbani. Kisha akapaza sauti kuliko siku zote. "Mikono juu!"

Wanawake wote wakainua mikono. Nyuma ya pazia, taratibu, vivuli vya mikono miwili navyo vikapanda.

Tunu hakuwaambia washushe.